Kuhamisha Seva ya Ofisi Ndogo Kuingia Mtandao wa Kampuni Kubwa: Mwongozo Kamili

Simu hizi hunijia Jumatatu, kabla sijamaliza mahamri. "Fundi, tumehamisha seva Jumamosi. Faili zote zipo, tumezihesabu. Lakini hazifunguki, na printa ya risiti imekufa." Nikifika nakuta kazi ya kunakili imefanywa vizuri kabisa. Kilichosahauliwa ni anwani za mtandao (namba ambazo kompyuta huitana kwazo), pamoja na vile vitu vidogo vilivyokuwa vikiitegemea seva bila mtu kujua.

Mwongozo huu ni wa ofisi za kawaida hapa Mombasa: duka la jumla, zahanati, wakala wa forodha, seva moja au mbili, kompyuta zisizofika thelathini, na sasa ofisi imenunuliwa na kampuni kubwa yenye makao makuu Nairobi. Mfano wangu wa kufikirika utakuwa ofisi ya wakala wa forodha Shimanzi. Wana seva moja ya Windows, databesi ya mizigo ya MySQL, kompyuta 14, printa 3, mashine ya fotokopi, kamera, na mashine ya alama za vidole mlangoni. Mtandao wao ni 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1. Makao makuu wanatumia anwani zinazoanza na 10.

Tenga wiki 6. Ukiambiwa ifanyike kwa wiki moja, kataa kwa adabu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Diski 2 za nje, kila moja yenye nafasi mara mbili ya data yote, zikiwa zimefungwa kwa BitLocker au LUKS (programu za kufunga diski kwa nywila).
- UPS yenye betri nzima. Ile inayolia tangu mwaka juzi haihesabiki.
- Swichi moja ya mtandao ya akiba na kebo kadhaa ulizozipima.
- Nywila zote: seva, rauta, databesi, printa, kamera. Jibu la "anazo yule kijana aliyeacha kazi" lina maana kwamba hujawa tayari kuanza.
- Laini ya pili ya intaneti, hata modemu ya 4G.
- Jina na simu ya mtu mmoja wa makao makuu mwenye ruhusa ya kubadilisha fayawoli (kinga ya mtandao) usiku wa Jumamosi.
- Daftari la karatasi. Mpango ukikaa ndani ya seva, seva ikizimwa na mpango umezimika.

Kuna jambo moja ambalo wenzetu wa bara hawalijui. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma. Chungulia ndani ya seva kwa tochi utazame pini za kumbukumbu na tundu za diski. Ukiona kutu ya kijani au nyeupe, usiizime mashine hiyo kabla ya kupata nakala mbili nje yake. Diski iliyozunguka miaka saba bila kupumzika yaweza kukataa kuzunguka tena ikishapoa.

## Hatua ya 1: Jua nani anaitegemea seva

Hatua hii inachosha, na kuiruka ndiko kunakoua kazi.

Kwenye seva ya Windows fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika `Get-SmbSession`. Utaona nani ameunganishwa wakati huo. `netstat -ano` itakuonyesha kila poti iliyo wazi na namba (PID) ya programu iliyoifungua. Kwenye Linux tumia `ss -tulpn`. (Poti hizi si za Kilindini, ingawa kazi yake haiko mbali: kila shehena ina lango lake. Faili za Windows hupita 445, MySQL 3306, kuingia kwa mbali 3389.) Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili, na hakikisha wiki hizo zinagusa mwisho wa mwezi. Nimewahi kuona programu ya mishahara iliyofunguliwa siku moja tu katika mwezi, kwenye kompyuta moja tu. Aliyeorodhesha tarehe 10 hawezi kuiona.

Tazama pia kazi zinazojiendesha zenyewe usiku: Task Scheduler kwenye Windows, `crontab -l` ya kila mtumiaji kwenye Linux.

Halafu acha amri, ukakae na watu. Muombe yule mama wa hesabu aliyeko hapo tangu ofisi ifunguliwe: "Mama, hebu nionyeshe unavyoanza kazi asubuhi." Atakwambia, "Mwanangu, mimi nabonyeza tu hiki cha manjano." Kiguse hicho cha manjano kwa kitufe cha kulia, usome kinakoelekea. Mara nyingi utakuta `\\192.168.1.10\hesabu`. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, nasi tutaurudia katika hatua ya 4.

Mashine ya fotokopi inahitaji jicho la peke yake. Nyingi za zamani hutuma skani kwenye folda kwa njia ya SMB1 (toleo la kwanza la njia ya Windows ya kushirikiana faili), na SMB1 ndiyo iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017. Windows 10 kuanzia toleo la 1709 haiji nayo tena ikiwa imewashwa, na makao makuu wataifunga bila kukuuliza. Angalia kama kuna programu mpya ya mashine hiyo, au ibadilishe iwe inatuma skani kwa barua pepe.

Utajua umemaliza pale kila mstari wa orodha yako utakapokuwa na jina la mtu anayeumia kitu hicho kikisimama. Mstari usio na mwenyewe usiufute. Uandike "haijulikani", utajitokeza wenyewe baadaye.

## Hatua ya 2: Zungumza na makao makuu kabla ya kugusa kitu

Waombe mambo manne, kwa maandishi.

La kwanza, kipande cha anwani kitakachokuwa chenu peke yenu. Katika mfano wetu wametupa 10.24.8.0/24, yaani anwani 254 za kutumia, ambazo zinatosha na kubaki.

La pili, poti zipi zitafunguliwa kati ya Shimanzi na Nairobi. Wape orodha ya hatua ya 1. Usiwaambie "fungueni zote". Mhandisi wa usalama akisoma hivyo anafunga hata ile uliyokuwa nayo.

La tatu, matoleo wanayoyakubali. Windows Server 2012 R2 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. Kama seva yenu ni hiyo, hawataiingiza kwenye mtandao wao, na wana haki. Ama data ihamie mfumo mpya, ama seva ifungiwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) ya peke yake isiyofika kokote.

La nne ndilo watu hulisahau: seva mpya itakaa wapi hasa? Hapo Nairobi, au kwenye wingu Ulaya? Fanya hesabu. Programu nyingi za ofisi ndogo ziliandikwa zikidhani databesi iko chumba cha pili. Kufungua ankara moja huenda ikaiuliza databesi maswali 400, moja baada ya jingine. Ndani ya ofisi, swali likichukua milisekunde 1, ankara inafunguka kwa sekunde 0.4. Swali likichukua milisekunde 10, ni sekunde 4, na karani ataanza kuguna. Likichukua 150, ni dakika nzima. Kuongeza kasi ya intaneti hakutasaidia chochote, kwa kuwa tatizo ni umbali wala si upana wa bomba. Dawa ni programu yenyewe kukaa karibu na databesi, na karani aifungue kwa mbali, kwa mfano kwa Remote Desktop.

Swali hilo lina upande mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini na intaneti ikadhoofika hapa Kenya. Ofisi yenye data yake nchini iliendelea kuisoma. Waulize makao makuu siku kama ile nyinyi mtafanya nini, na usikubali kujibiwa kwa tabasamu.

## Hatua ya 3: Nakala rudufu, kisha irudishe

Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Hilo kila fundi analijua. Wachache ndio huirudisha nakala kuona kama inafunguka.

Kwa MySQL:

`mysqldump --single-transaction --routines --events mizigo > mizigo.sql`

`--single-transaction` hukupa picha moja ya databesi bila kuwasimamisha watu, lakini kwa jedwali za aina ya InnoDB tu. Jedwali za aina ya MyISAM zitatoka zimechanganyika, kwa hiyo hizo zinakiliwe programu ikiwa imefungwa. Ukisahau `--routines` na `--events`, taratibu zilizoandikwa ndani ya databesi zitabaki nyuma, na hutapata onyo lolote.

Chukua kompyuta yoyote ya ziada, weka MySQL, ingiza faili hiyo, hesabu mistari ya jedwali kubwa tatu pande zote mbili. Kwa faili za kawaida, toa alama ya SHA-256 (hubadilika faili ikibadilika hata kidogo) ya faili kumi ulizochagua ovyo (`Get-FileHash` kwenye Windows, `sha256sum` kwenye Linux) ulinganishe. Zikilingana, endelea.

## Hatua ya 4: Badilisha anwani mkiwa bado nyumbani

Hatua hii huachwa hadi usiku wa kuhama, na ndiyo inayozaa zile simu za Jumatatu. Ifanye wiki mbili kabla, seva ikiwa bado chini ya meza yake Shimanzi.

Kwanza uelewe sababu. Anwani za 192.168 ni za kila mtu. Rauta nyingi hutoka dukani zikiwa na 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kampuni kubwa iliyonunua ofisi yenu huenda imeshanunua nyingine mbili zenye 192.168.1.0/24 hiyohiyo. Sasa kompyuta ya Shimanzi ikimtafuta 192.168.1.25 aliyeko Nairobi, haitoki hata nje. Inaona namba inafanana na za nyumbani, inaita ndani ya swichi ileile, "nani 25?", na anayeitikia ni printa ya hapo hapo. Watakwambia kuna njia ya kugeuza anwani kwa NAT pande zote mbili. Ipo, na inafanya kazi, ila kila atakayekuja baada yako atakulaani.

Majina kwanza. Ipe seva jina la kudumu la kazi, mfano `mizigo`. Kwenye Windows usiishie kuandika jina hilo kwenye DNS (daftari la mtandao linalogeuza jina kuwa anwani) tu. Liongeze pia kwenye seva yenyewe kwa `netdom computername` na `/add`, la sivyo Kerberos, mfumo wa Windows wa kuhakiki anayeingia, yaweza kuligomea. Kisha pita kila kompyuta, kila kialama cha manjano, kila faili ya mipangilio, ubadilishe `192.168.1.10` kuwa `mizigo`. Kompyuta 14 ni kazi ya siku moja na nusu. Usimwachie mtumiaji ajibadilishie.

Ukishamaliza hapo, umeshavuka nusu ya safari. Seva ikienda Nairobi au mwezini, jina halibadiliki.

Fupisha muda wa DHCP, huduma inayogawa anwani kwa kompyuta. DHCP ya Windows hukopesha anwani kwa siku 8 usipoigusa. Ishushe iwe saa moja, siku chache kabla, ili kompyuta zije kuchukua anwani mpya bila kusubiri wiki.

Ipe seva anwani ya pili. Kwenye kadi ileile ya mtandao, ongeza 10.24.8.10 pembeni ya ile ya zamani, na rauta nayo uipe ya kwake, 10.24.8.1. Sasa seva inaitika kwa namba zote mbili. Badilisha DHCP igawe anwani mpya, na baada ya saa moja au mbili kompyuta nyingi zitakuwa zimehamia zenyewe.

Ila kama seva hiyo ndiyo kontrola wa domeini (inayosimamia akaunti na nywila za ofisi nzima), usiipe anwani mbili. Itajiandikisha kwenye DNS kwa zote na watu wataingia leo, washindwe kesho. Hiyo ibadilishe mara moja baada ya saa za kazi, kisha `ipconfig /registerdns` na uanzishe upya huduma ya Netlogon.

Vyenye anwani za kudumu, kimoja kimoja. Printa, kamera, mashine ya vidole. Hapa utapoteza nusu siku ukitafuta kitufe cha menyu.

Ruhusa za MySQL. Akaunti ya MySQL hubeba na mahali inapotoka. Ikiwa imeandikwa `'karani'@'192.168.1.%'`, basi siku kompyuta zitakapokuwa 10.24.8, karani atakataliwa hata nywila ikiwa sahihi. Tengeneza akaunti za anwani mpya kabla ya kubadilisha. Mtego huu nimeuona ukiwatoa watu jasho usiku kucha, wakilaumu fayawoli isiyo na kosa.

Sikiliza. Acha anwani zote mbili kwa wiki nzima. Kila siku andika:

`Get-NetTCPConnection -LocalAddress 192.168.1.10 -State Established`

Yeyote anayeonekana hapo ni mtoro wako. Mfuate, mbadilishe. Siku tatu zikipita orodha ikiwa tupu, mwisho wa mwezi ukiwemo kama unaweza, ondoa anwani ya zamani.

Onyo la mwisho hapa: usibadilishe anwani ya rauta ukiwa nyumbani Kisauni umeingia kwa mbali. Utakata tawi ulilokalia, na usiku huo utavuka daraja la Nyali kwa sababu ya tarakimu moja.

## Hatua ya 5: Unganisha Shimanzi na Nairobi

Kazi hii zaidi ni ya makao makuu. Wataweka handaki la VPN la IPsec (njia ya siri ndani ya intaneti) kati ya rauta mbili. Wewe hakikisha poti za UDP 500 na 4500 zinapita kwenye laini yenu. Kama laini ni ya 4G, mara nyingi haina anwani yake ya nje, kwa hiyo handaki lianzishwe kutoka upande wa Shimanzi.

Dalili moja ya kuijua: ping inapita, kurasa ndogo zinafunguka, lakini faili kubwa inaanza kisha inaganda. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja, yaani kifurushi cha data. Handaki hula sehemu ya kila pakiti. Jaribu `ping -f -l 1372` kwenda seva ya Nairobi. Ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti ni 1400. Ikipita, na 1472 ikakataa, waambie wapunguze MTU ya handaki iwe 1400 pamoja na MSS yake (kiasi cha data ndani ya pakiti).

Chomoa laini kuu mchana, watu wakiwa kazini na wakiwa wameambiwa, uone laini ya pili inachukua kazi baada ya muda gani. Ukiogopa kufanya jaribio hilo mchana, fahamu kwamba umeme wa masika utakufanyia bila kukuambia.

## Hatua ya 6: Watu, ruhusa na saa

Akaunti za seva ya zamani hazihami. Hata jina likiwa lilelile, kwa Windows huyo ni mtu mwingine mwenye kitambulisho kingine, na folda aliyokuwa akiifungua jana itamfukuza. Kwa hiyo chora jedwali: jina la zamani, jina jipya la makao makuu, kundi lake. Toa ruhusa kwa makundi (Hesabu, Forodha, Uongozi), usitoe kwa mtu mmoja mmoja. Na kwa kuwa Mombasa hii akina Mohamed na Fatuma hawaishi, angalia majina yanayogongana mapema.

Ile akaunti ya Administrator ambayo nywila yake inajulikana na ofisi nzima hadi mlinzi, isivuke.

Saa nayo: Kerberos, kwa kawaida yake, hukataa kompyuta inayopishana na seva kwa zaidi ya dakika 5. Seva kongwe yenye betri ya ubao iliyokufa huamka kila umeme ukikatika ikiwa na tarehe ya ajabu. Badilisha betri, elekeza kompyuta zote kwenye saa ya makao makuu.

## Hatua ya 7: Nakala ya kwanza na mazoezi

Tuseme data ni GB 800 na kasi ya kupakia ni Mbps 20. Hiyo ni saa 89, karibu siku nne mfululizo bila kukatika hata mara moja. Diski ya USB yenye kasi ya MB 100 kwa sekunde itazimaliza kwa saa mbili na robo. Basi nakala kubwa ya kwanza iende kwa diski, na mtu apande nayo SGR pale Miritini. Jioni iko Nairobi.

Diski hiyo lazima iwe imefungwa kwa nywila. Ndani yake mna majina, namba za vitambulisho na PIN za wateja. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data za watu zikiangukia mikono mingine na zikaweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 72. Nywila isafiri kwa simu, isisafiri kwenye karatasi ndani ya begi lilelile.

Baada ya hapo utatuma mabadiliko tu kupitia handaki. Ofisi ikizalisha GB 3 kwa siku, ni dakika 20.

`robocopy D:\Mizigo \\seva-mpya\mizigo /E /COPY:DAT /R:1 /W:1 /LOG:C:\nakala.txt`

Weka `/R:1 /W:1` kila mara. Usipoweka, robocopy hujaribu faili iliyofungwa mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Utaiacha Ijumaa uikute Jumatatu iko kwenye faili ileile. Nimetumia `/COPY:DAT` kwa makusudi, ili ruhusa za zamani zisifuate. Za hatua ya 6 ndizo zitawale.

Kaa mbali na `/MIR` hadi uwe umeendesha amri na `/L`, ambayo huorodhesha bila kufanya. `/MIR` hufuta upande wa pili kila ambacho upande wa kwanza hauna. Ukigeuza majina mawili kwa bahati mbaya, utakuwa umenakili utupu. Kwa rsync, amri ya kunakili ya Linux, zoezi hilo ni `-n`, na mkwaju wa mwisho wa njia uuangalie: `mizigo/` ni yaliyomo, `mizigo` ni folda yenyewe.

Kisha waite watu watatu, akiwemo yule mama wa hesabu, wafanye kazi ya kweli kwenye seva mpya kwa nusu siku, kwa data ya majaribio. Wewe kaa kimya uandike wanapokwama.

## Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Chagua Jumamosi. Epuka mwisho wa mwezi, epuka siku zinazokaribia tarehe 9 ya PAYE na tarehe 20 ya VAT, na usithubutu kuugusa mkesha wa Idd.

Siku mbili kabla, shusha TTL ya jina `mizigo` kwenye DNS (sekunde ambazo mashine hukumbuka anwani yake) iwe 300. Ikiwa ilikuwa 86400, kuna mashine zitakazoendelea kukumbuka anwani ya zamani kwa siku nzima, kwa hiyo kuishusha usiku huohuo hakusaidii.

Andika saa kwa namna mbili. Niliwahi kupokea mpango kutoka ofisi moja ya Nairobi ulioandikwa "2:00", mwenzangu akajua ni saa mbili usiku, naye mwandishi alikuwa na maana ya saa nane. Tulikaa saa sita tukinywa kahawa tungu. Hivi ndivyo ninavyoandika sasa:

- Saa 8 mchana (14:00): watu wote watoke. Funga programu ya mizigo.
- Saa 8:30 (14:30): folda za seva ya zamani ziwe za kusoma tu.
- Saa 9 alasiri (15:00): nakala ya mwisho ya databesi, kisha mabadiliko ya mwisho ya faili.
- Saa 12 jioni (18:00): badilisha jina `mizigo` lielekee seva mpya.
- Saa 1 usiku (19:00): majaribio kwa orodha ya hatua ya 1, mstari kwa mstari.
- Saa 3 usiku (21:00): uamuzi. Tunabaki au tunarudi.

Saa ya uamuzi ni amri. Ukishachoka utaanza kujiambia "dakika kumi tu". Kurudi nyuma ni rahisi hadi pale mtu wa kwanza atakapoandika kitu cha kweli kwenye seva mpya; baada ya hapo una data mbili zinazobishana. Kwa hiyo majaribio ya usiku yafanywe kwa rekodi uliyoipa jina JARIBIO, na kabla ya saa 3 mtu mwingine yeyote asiingie.

Majaribio yasiyorukwa: kialama cha manjano, printa zote tatu, skani ya fotokopi. Ankara ya kweli kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, itoke baada ya uamuzi wa kubaki, Jumapili asubuhi, mwenye ofisi akiwapo. Ikikwama hapo, una siku nzima kabla ya Jumatatu.

Kama seva yenyewe ndiyo inayosafirishwa, usiiwashe mara ifikapo. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto letu hili, hutoka jasho ndani yake kama chupa ya soda baridi. Iache saa tatu nne ipate joto la chumba.

## Hatua ya 9: Siku 30 za kusubiri

Jumatatu saa 2 asubuhi uwe umekaa pale ofisini, usisubiri kuitwa. Malalamiko ya siku ya kwanza ni madogo na hurekebishika kwa dakika. Yakilala, yanakuwa "mfumo mpya ni mbaya".

Seva ya zamani iache wiki ya kwanza ikiwa ya kusoma tu. Wiki ya pili izime, lakini isitoke mahali pake. Yule "haijulikani" wa hatua ya 1 atapiga kelele sasa. Huenda ikawa kamera iliyokuwa ikihifadhi picha zake huko.

Jihadhari pia na sera za makao makuu zitakazoanza kushuka zenyewe: marekebisho yanayowasha upya seva usiku, kinga ya virusi inayoishuku programu ya mizigo iliyoandikwa na kijana wa mtaani. Omba programu hiyo iwekwe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kabla haijafutwa.

Siku ya 30, mwisho wa mwezi mmoja ukiwa umepita salama, fanya nakala moja ya mwisho iliyofungwa kwa nywila. Kumbukumbu za kodi hutakiwa kukaa miaka 5, na ankara za zamani ni sehemu yake. Baada ya hapo futa diski. Za kuzunguka ziandikwe juu yote mara moja. Za SSD zifutwe kwa amri ya mtengenezaji, maana kuandika juu yake hakufiki kila kona. Iliyokufa toboa kwa drili.

Andika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: namba ya diski, tarehe, aliyeifuta, sahihi ya mwenye ofisi. Daftari likae kabatini pamoja na nakala, lisibaki kwenye gari lako.